Koki ya Mzee Kaza

Kule kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mchoraji, basi. Hata mlinzi wa getini alipomwona anakuja na mkoba wake wa karatasi begani aliwaambia wageni, "Sogeeni kidogo, Mchoraji apite." Kazi yake ilikuwa kuchora koki: koki za sinki, koki za bafuni, zile ndefu za hospitali ambazo daktari huzifungua kwa kiwiko, na siku hizi, kuliko zote, koki zisizoguswa. Unaleta mikono chini ya mdomo wake, kijicho cheusi kinaiona, maji yanakuja. Unaondoa mikono, maji yanakoma. Ndani yake kuna valvu ndogo inayofunguka kwa umeme wa betri, na betri yenyewe hukaa kwenye kisanduku kilichofichwa chini ya sinki. Mtu mwingine akiiona koki hiyo husema ni maajabu. Mchoraji aliona vipande vidogo vidogo visivyopatana, na yeye ndiye aliyelipwa mshahara avipatanishe.

Alikuwa amevuka arobaini, mrefu, na miwani yake aliifunga kwa uzi shingoni isije ikaangukia kwenye mashine. Aliwahi kuolewa. Ndoa ikafa polepole, bila ugomvi wa kusikika nje, akarudi kwa wazazi wake na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Majirani walingoja waone atalia vipi. Hawakuona kitu. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida.

Koki alizirithi kwa baba yake. Baba alikuwa mkereza katika kiwanda kile kile, mtu wa kusimama mbele ya mashine akichonga shaba ikizunguka, na kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza kikalio cha valvu, pale ndani kabisa ambapo valvu hukaa ikifunga maji. Kikalio kikiwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele, koki itadondosha maisha yake yote. Wanagenzi walipenda kuonyesha nguvu, wakizikaza koki mpya mpaka mpira wa ndani unapasuka, naye alikuwa akiwapigia kelele kutoka upande wa pili wa karakana: "Kaza, lakini usinyonge!" Wakamwita Mzee Kaza angali kijana, na jina likamganda hata likafika nyumbani. Mkewe mwenyewe akikasirika alimwita hivyo. "Haya, Mzee Kaza, kaza basi na huo mlango unaolia!"

Ugonjwa wake haukupiga hodi. Uliingia kama unyevu unavyoingia ukutani: unaona doa, unalifuta, unasahau. Alitoka kununua mkate akarudi na sabuni. Kisha siku moja wakiwa mezani alisimulia kisa cha fundi aliyekwenda kufungua bomba kuu akiwa amevaa suti ya harusi yake. Wakacheka. Kabla sahani hazijaondolewa, akakisimulia tena, neno kwa neno. Wakacheka tena, kwa adabu. Alipoanza mara ya tatu, mwanawe wa kiume, ambaye ni kinyozi na hana subira, akasema, "Baba, hicho si umeshatusimulia?"

Mzee akaweka kijiko mezani. Akawatazama usoni mmoja mmoja, kama mtu aliyefungua mlango akakuta amekosea nyumba.

Halafu ikaja habari ya maji.

Walikaa ghorofa ya tatu, katika jengo la zamani ambalo sakafu ya mmoja ni dari ya mwenzake na baina yao hakuna siri. Chini yao aliishi Mshonaji, mjane aliyeshona magauni ya harusi na sare za shule, na cherehani yake ilisikika tangu asubuhi. Siku hiyo Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka sokoni aliposikia hodi, na haikuwa hodi ya kuomba ruhusa. Mshonaji alisimama mlangoni na gauni jeupe mikononi, amelibeba kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali, na gauni linachuruzika.

"Mama, hebu tazama," alisema. "Na mwenyewe anakuja kulichukua jioni hii."

"Ni mimi, mwenzangu," Mama akasema haraka. "Ni mimi nimesahau koki. Uzee huu, we acha tu!"

"Wewe? Si tumetoka sokoni pamoja sasa hivi? Hata kikapu hujakitua."

Mama akasogea kando. Nyuma yake Mzee Kaza alikuwa amesimama jikoni, maji yamemfika kifundoni, soksi zimelowa, anaitazama koki inavyomwaga. "Kuna mtu kaacha maji wazi," alisema kwa uchungu wa kweli. "Watu wa siku hizi hawajui kufunga."

Mchoraji aliporudi kutoka kazini alilikuta gauni limetandazwa juu ya viti vyao, Mama na Mshonaji wanalipiga pasi kwa zamu. Hakuhitaji kuelezwa. Ilikuwa si mara ya kwanza. Mama alikuwa amezificha zile za nyuma.

Wakampeleka hospitali. Daktari alimwuliza mzee maswali mepesi, na mzee akayajibu kwa heshima zote na kwa makosa yote. Kisha Daktari akamwomba Mchoraji abaki nyuma kidogo.

"Dawa ya kumrudisha hakuna," alisema. "Ipo ya kumtuliza. Sitaki nikudanganye."

"Sasa sisi tufanye nini?"

"Mpendeni. Na mrahisishieni nyumba. Kila kinachomsumbua, kifanyeni kiwe chepesi."

Hilo la kupenda Mchoraji hakulijibu. Lakini hilo la pili alilishika kama mtu aliyepewa kamba kisimani. Kurahisisha, kukifanya kitu kizito kiwe chepesi mkononi mwa mtu, si ndiyo kazi aliyosomea? Alishuka ngazi za hospitali kwa haraka, baba yake akimfuata nyuma na kuuliza, "Tumechelewa wapi, mwanangu?"

Jumamosi ile ile akang'oa koki za zamani, ya jikoni na ya bafuni, akafunga mbili zisizoguswa. Akazijaribu. Akapitisha mkono, kikombe, sahani. Maji yakaja, yakakoma, yakaja, yakakoma. Akajiuliza kwa nini hakuliwaza jambo hili mapema. Tangu siku hiyo jikoni hapakufurika tena, na Mshonaji akawaletea foronya mbili za maua kwa furaha.

Lakini mzee.

Mzee alikwenda kwenye sinki kama alivyokwenda maisha yake yote. Mkono ukapanda juu ya koki, pale kilipokuwa kishikio, ukashika hewa. Ukaizungusha ile hewa kushoto, kama mtu anayefungua. Akangoja. Akaizungusha tena.

"Maji yamekatika," akasema.

"Hayajakatika, baba. Weka mikono huku chini. Hivi." Mchoraji akamshika viganja, akavisogeza. Maji yakaja. Mzee akacheka kwa mshangao, meno yote nje.

"Ajabu! Nani katengeneza hii?"

"Mimi, baba."

"Wewe? Hongera sana." Akavuta mikono ajifute, na maji yakakoma. Kile kicheko kikamtoka usoni. "Yamekatika tena," akasema.

Akamfundisha asubuhi, akamfundisha jioni. Akabandika picha ya mikono miwili ukutani. Mzee akaisifu picha. Siku moja akatoka mlango hadi mlango kuwaonya majirani kwamba maji yamekatika mji mzima na wajaze akiba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa koki, nani angembishia? Ghorofa nzima ikajaza ndoo. Watu walicheka walipojua, na Mama naye akacheka nao, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Kicheko kilikwisha walipogundua kwamba hanywi maji. Akihisi kiu alikwenda sinki, akazungusha hewa, akarudi kukaa. Haombi. Mtu akiamini maji yamekatika, ataomba nini? Midomo ikampasuka. Na kibaya zaidi, koki ikaanza kumtisha. Alipopita karibu na taulo begani, kijicho kililiona taulo na maji yakaruka yenyewe. Mzee akashtuka mpaka akajigonga kabatini.

"Nani huyo?"

"Hakuna mtu, mume wangu. Ni koki tu."

"Koki haijifungui! Mimi ndiye niseme koki haijifungui!" Na hapo, kwa kweli, alikuwa anasema jambo alilolijua vizuri kuliko wote. Kutoka siku ile akaamini kuna mtu nyumbani anayefungua maji kwa siri. Mama alimkuta amekandika sabuni juu ya kijicho, anaisemesha koki kwa sauti ya chini: "Kama una shida na mimi, jitokeze tuongee kiume."

Basi Mama akawa ndiye kishikio. Mzee akienda jikoni, Mama nyuma. Mzee akienda bafuni, Mama nyuma. Akijilaza mchana, anaamka kwa kila mlio wa kiti. Akakonda hadi pete ikamtoka kidoleni, akaivisha uzi akaitundika shingoni. Mchoraji alimtazama mama yake akiyeyuka mbele ya macho yake kwa sababu ya kitu alichokifunga yeye kwa mikono yake mwenyewe, akajiambia: kosa liko kwenye koki. Na kosa lililoko kwenye koki hurekebishwa kwenye koki.

Akachora nyingine. Hii ingekuwa na vyote viwili, kishikio juu kwa ajili ya baba, na jicho chini kwa ajili ya sakafu ya jirani. Baba atazungusha kama alivyozoea, maji yatakuja; akiondoka, jicho litaona hakuna mikono na kuyafunga. Akaipeleka kwa Meneja, mtu mnene, mpole, ambaye hakupenda kitu chochote chenye vipande vingi.

"Kishikio na jicho kwenye koki moja?" Meneja akauliza. "Hiyo si sawa na kuvaa kofia mbili?"

"Ni ya mtu mmoja tu, bosi."

"Mtu gani?"

"Mzee Kaza."

Meneja alikuwa ameanza kazi chini ya Mzee Kaza. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Tumia mashine wakati wa mapumziko," alisema. "Shaba chukua ile ya mabaki."

Aliifanya kwa njia ya mkato, kwa sababu Mama hakuwa na muda wa kungoja. Kile kishikio hakikushika valvu yoyote. Kilikuwa swichi tu: ukikizungusha kinaiambia betri ifungue maji. Kwa nje kilikuwa kishikio kamili, cha mabawa mawili, kizito. Mchoraji alikisugua mpaka kikang'aa.

Siku alipoifunga, mzee alizungusha, maji yakaja. Mama akapiga makofi kama mtoto. Mzee akazungusha tena, akanawa, akazungusha tena. Alinawa siku nzima hadi vidole vikasinyaa, na jioni akanywa glasi ya maji aliyoifungulia mwenyewe, Mchoraji akimtazama kutoka mlangoni. Lakini kabla ya kulala mzee alirudi jikoni, akakizungusha kile kishikio taratibu, kichwa kimeinama kama anayesikiliza.

"Hii koki ni tupu," akasema.

"Tupu vipi, baba?"

"Inazunguka tu. Haikamati. Hakuna kitu kinachofunga humu ndani."

"Inafunga yenyewe, usijali."

"Nani kasema nimejali?" mzee akajibu. "Nimesema ni tupu."

Ilitokea siku ya kazi, mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kupumzisha mgongo, na usingizi ukambeba. Mchoraji alikuwa mezani kwake simu ilipolia; alikuwa Mshonaji, na alichosema kilikuwa kimoja: "Njoo. Njoo sasa hivi."

Maji alikutana nayo kwenye ngazi, yanashuka kidato kwa kidato. Juu, mlango ulikuwa wazi. Mama amesimama jikoni na dekio mkononi, halitumii, amelishika tu. Na Mzee Kaza, nguo zimemganda mwilini, alikuwa ameinama juu ya sinki akilizuia bomba kwa kiganja. Spana yake kubwa ilikuwa sakafuni, na koki mpya iko pembeni imefunguliwa vipande vipande, kila kipande kimepangwa kwa utaratibu. Aliona koki mbovu, akaifungua aitengeneze. Mwanagenzi wa wiki moja anajua kwamba kwanza unafunga valvu ya chini ya sinki ndipo unagusa koki. Yeye aliwafundisha mamia jambo hilo. Siku ile halikuwepo kichwani, na alipolikumbuka nusu, akaikaza valvu ya chini kwa spana, upande usio wake, mpaka shina lake likakatika.

"Kijana!" alimpigia kelele Mchoraji, bila kumtambua. "Umesimama nini? Lete mpira! Lete mpira wa nusu inchi!"

Mchoraji akapiga magoti ndani ya maji, akaipapasa ile valvu. Hapakuwa na kitu cha kushika. Akateremka mbio mpaka chini, kwenye kijumba cha valvu kuu ya jengo. Akafungua mlango wa bati. Gurudumu lilikuwepo, limevaa kutu kama koti. Akalishika kwa mikono miwili, akavuta. Akavua sweta, akalizungushia, akavuta tena. Akaweka mguu ukutani. Gurudumu halikutikisika hata kidogo. Alijua kila sehemu ya valvu ile, angeweza kuichora amefumba macho. Alijua ni wapi imeshikana na ni kwa nini, na kwamba mtu angeipaka mafuta walau mara moja kwa mwaka isingefika hapo. Kujua kote huko hakukumwongezea nguvu hata ya kidole. Msimamizi wa jengo alikuwa ameondoka, na funguo za mlango wa kwenye tangi la paani zilikuwa mfukoni mwake.

Akarudi juu. Hakuwa na la kufanya, kwa hiyo akaweka viganja vyake juu ya viganja vya baba yake, wakasukuma pamoja. Maji yakawa yanapita katikati ya vidole, yanawaingia mikononi, usoni. Mzee alikuwa anahema. "Usiachie, kijana," alimwambia. "Ukiachia tumekwisha." Chini yao cherehani ilikuwa kimya, na zilisikika sauti za watu wanaoburuta vitu.

Maji hayakufungwa. Yaliisha tu, tangi lilipokuwa tupu. Nguvu yake ikapungua chini ya viganja, ikawa kama mtu anayekata roho, kisha ikakoma.

"Umeona?" mzee akasema, uso unang'aa. "Tumeyaweza."

Mshonaji hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye ngazi na vitambaa mapajani, rangi zimechujiana, akilia bila sauti, na Mama alipokaa kando yake alimwegemea. Mwenye jengo alikuja jioni, akasikitika, akamshika mzee mkono, kisha akamwambia Mchoraji kando kwamba yeye binafsi hana neno, ila wapangaji wote wamesema. Ama mzee alindwe, ama ahame.

Kinyozi alikuja hajavua hata koti la kazi. Yeye alikaa mbali kidogo, kwenye nyumba ya chini yenye ua, wapangaji wanne na bomba moja nje ambalo halikosi mtu.

"Waje kwangu," alisema. "Pale hakuna wa kumfurikia. Na watu wapo mchana kutwa."

"Nyumba yako ina vyumba viwili na watoto watatu," Mchoraji akasema.

"Watajibana."

"Nipeni wiki mbili. Kosa nimeshalijua. Nilimpa kishikio cha uongo, mikono yake ikakataa. Nitaweka valvu ya kweli chini ya kishikio na ile ya umeme nyuma yake. Atafungua kweli, atafunga kweli, na akisahau..."

"Mwanangu," Mama akasema.

"...akisahau, jicho litamfungia. Wiki mbili tu, Mama."

"Mwanangu. Baba yako si koki."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, na alikuwa tayari ameanza kukunja mashuka. Mchoraji aliutazama uso ule, akaona kwamba mama yake ameshaondoka siku nyingi, mwili tu ndio ulikuwa unangoja ruhusa. Wakahama mwisho wa juma. Mzee alipanda gari la mizigo akakaa mbele na dereva, amefurahi, akiuliza mashine mpya zinapelekwa karakana gani.

Mchoraji akabaki peke yake ghorofani. Jioni alikula amesimama. Akanunua vitambaa akampelekea Mshonaji, naye akavipokea. Halafu, kwa kuwa hakujua kuishi jioni bila kuchora, akaichora ile koki ya kweli. Mapumziko kwa mapumziko akakikereza kikalio mwenyewe, akakiangalia kwa kioo cha kukuzia, akakirudia. Akaweka valvu mbili, moja ya mkono na moja ya umeme, zikifuatana. Alipoijaribu karakanani ilifanya kila kitu alichotaka. Ukizungusha unaisikia inakamata. Ukiiacha wazi, inajifunga. Wafanyakazi wakaizunguka, na mkereza mmoja mzee akaizungusha mara kadhaa, akatikisa kichwa akasema, "Hii angeipenda Kaza."

Jumapili akaiweka kwenye mkoba, akaenda kwa Kinyozi. Uani palikuwa na kelele: watoto, ndoo, mwanamke mmoja anafua. Baba yake alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta, amenyolewa vizuri. Ndevu ndilo jambo ambalo Kinyozi hakulikosea kamwe. Mchoraji akachuchumaa mbele yake, akamwekea koki mapajani.

"Baba, nimekuletea. Hii si tupu."

Mzee akaishika. Akaigeuza. Kidole gumba kikapita juu ya shaba, kikafika kwenye kishikio, kikasimama. Kidole kikaendelea, kikapita kwenye nyuzi za kufungia, kikatoka upande wa pili, kama kinavyopita juu ya jiwe. Mzee akamwangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mgeni aliyekupa zawadi usiyojua matumizi yake.

"Kizuri," akasema. "Cha nini?"

Mchoraji akafungua mdomo ajibu. Maneno alikuwa nayo, maana hayo ndiyo aliyokula na kulala nayo tangu utotoni. Akachukua machache tu.

"Kinafungua maji, baba."

"Aa." Mzee akaiweka chini taratibu, kando ya kiti. "Wamepika humu ndani?"

Meneja ndiye aliyeichukua ile koki. Aliikuta juu ya meza ya Mchoraji, akaichezea, akauliza kama anaweza kuwaonyesha watu wa hospitali waliolalamika kwamba wagonjwa wazee hawaelewi koki za jicho. Wakaipenda. Ikapewa namba, ikaingia kwenye orodha, ikaanza kutengenezwa. Mchoraji akapongezwa mbele ya watu, akasema asante, akarudi kwenye kiti chake. Mtu akimwuliza aliipataje fikra ile alisema ilikuwa kazi ya kawaida.

Alikwenda uani kila Jumapili. Baba yake aliacha kutembea, kisha akaacha kuuliza. Maji alikuwa ananyweshwa kwa kijiko, na mara nyingine aliyaweka mdomoni akasahau kwamba yanamezwa, hadi Mama ampapase koo kwa kidole. Siku nyingine alikuwa mchangamfu akawatukana wanagenzi. Mama alinenepa kidogo, kwa kuwa pale uani kulikuwa na mikono ya kumpokea. Mchoraji aliliona hilo na kulishukuru, na likamuuma.

Jumapili moja, ndani chumbani, alikuwa akimfuta baba yake uso kwa kitambaa cha uvuguvugu, mzee akamdaka mkono pale juu ya kifundo. Mikono ya wakereza haizeeki pamoja na mwili. Akaubana.

"Baba, mimi naenda sasa. Baba?"

Macho ya mzee yalikuwa kwenye dari. Mchoraji alijaribu kuinua kidole kimoja. Alipokishughulikia cha pili, cha kwanza kilirudi. Akaogopa kumvunja. Akabembeleza, akaimba kidogo, akamwita kwa jina la kiwandani. Vidole vikazidi.

Kinyozi alichungulia. "Dada, gari la mwisho litakuacha."

"Sasa nifanyeje? Hebu njoo unisaidie."

Akaja, akajaribu, akashindwa, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mama aliingia na chai mkononi, akatazama, akaiweka chai mahali ambapo binti yake angeweza kuifikia kwa mkono uliobaki.

"Muache," akasema. "Akipitiwa na usingizi atakuachia."

Mchoraji akavuta kigoda kwa mguu, akakaa. Nje walikuwa wanaita watoto waingie ndani. Baba yake hakuonyesha dalili ya usingizi.